Hakuna Muntu wa Kuona

Mvua ilianza kuingia pale palipokuwa na taa ya chumba cha kujifungulia, ikafuata ukuta, ikashuka taratibu mpaka kwenye godoro. Zaina alilivuta godoro kona ya pili na kuweka sufuria chini ya tundu. Sufuria zilipomwishia akaweka sahani. Beseni hakuwa nalo, na hakuweza kutoka kumwomba jirani, maana alikuwa kwenye eda. Tangu Kamali, mumewe, alipozikwa, Zaina alivaa nyeupe, hakujipaka manukato, hakuvuka ua, na hakuna mwanamume asiye ndugu yake aliyemwona uso.

Walikuwa wakiishi katika dispanseri ya zamani, juu kidogo ya ziwa, nje ya Kamembe. Iliwahi kuwa ya kampuni moja iliyonunua maganda ya mkwinini, mti wa dawa ya malaria. Kampuni ilipofunga virago, bwana mkubwa alimwita Kamali, mlinzi wake, akamwambia: "Baki hapa. Linda. Tutarudi." Kamali akabaki. Watu walikuja wakang'oa vitanda, wakang'oa madirisha, wakang'oa hata masinki, na Kamali alipiga filimbi mpaka akachoka. Mshahara ulikatika. Bwana mkubwa hakurudi. Zaina aliolewa akaletwa humo, akapika mandazi humo, akayauza soko la Kamembe, na kwa mandazi hayo wakaziba paa mahali walipoweza. Serikali zilibadilika, majina ya mitaa yakabadilika, mji wenyewe wa Cyangugu ukapewa jina la mto Rusizi. Kamali aliendelea kulinda.

Sasa mandazi hayakuwepo. Mwanamke wa eda hauzi sokoni. Alikula alicholetewa na wifi yake Mwamini kutoka Gihundwe: ugali uliopoa na sambaza chache, dagaa wa ziwani, siku nyingine ugali peke yake. Mwamini hakuwa mchoyo. Alikuwa na mume mkali na nyumba iliyojaa, basi.

Asubuhi hiyo ya mvua Mwamini alikuwa ukumbini, anapuliza moto wa babula, lile jiko la makaa, ili chai ichemke, gari liliposimama nje. Milango miwili ikafungwa. Zaina alijifunika na kusogea nyuma ya ukuta.

"Hodi humu."

"Karibuni," alisema Mwamini, na akasimama katikati ya mlango ili wasipite.

Aliyetangulia alikuwa bwana Adrien, anayeshughulikia viwanja katika ofisi ya serikali, mtu wa viatu vilivyong'aa hata siku ya matope. Aliyefuata alikuwa kijana mrefu mwenye kamera shingoni. Adrien alimtambulisha: Dominique, fotografe wa Kigali, anazunguka nchi kupiga picha za mahali palipoachwa. Alishapiga mashua ya chuma iliyooza kwa kutu kule ufukoni. Sasa alitaka dispanseri.

"Maman, kuna muntu anaikala humu?" aliuliza Adrien.

Mwamini akajibu kama anavyojibu kila mwanamke wa Kiislamu wa Kamembe akiulizwa na mwanamume mgeni habari za mke wa eda.

"Humu hakuna muntu wa kuona."

Jibu hilo lina maana yake. Maana yake ni kwamba yupo, na wewe ukiwa na adabu hutauliza tena. Katika mtaa wa Waswahili hata mtoto anayejifunza kusema analijua. Adrien aliitikia kwa kichwa na kuandika kitu kwenye simu yake.

Dominique aliitazama babula, akaitazama kamba ya nguo nyeupe iliyopita ukumbini.

"Shefu, moto iko nawaka," alimwambia Adrien. Kisha akamgeukia Mwamini, akashusha sauti. "Ni eda?"

"Ni eda."

"Pole sana, maman. Mimi nilikomaa Bukavu, jirani yetu alikuwa shehe, najua hiyo heshima. Hatutamupiga foto hata kidogo. Tutafanya hivi: aikale ku chumba kimoja, tupige zingine. Tukimaliza, ahame, tupige na kile."

Nyuma ya ukuta Zaina alisikia yote, na moyo wake ukamshukuru yule kijana. Tangu msiba hakuna mwanamume aliyemsemea kwa upole namna hiyo. Walikuja kudai, walikuja kuuliza Kamali aliacha nini, mmoja alikuja kuuliza kama mlango wa bati unauzwa. Huyu alisema heshima.

Kazi ikaanza. Dominique aliingia chumba cha kwanza, na Zaina akawa cha pili pamoja na godoro lake. Alisikia kamera ikilia, chwa, chwa, kama mtu anayekata kucha. Kisha sauti yake ukutani.

"Maman, sasa tunakuja hapo. Unaweza kuhama ku cha nyuma?"

"Munipe kidogo."

"Bila haraka."

Alibeba godoro kichwani, akarudi kwa sufuria, akarudi kwa jerikani, mkeka wa kuswalia, koti la ulinzi la Kamali. Kila kitu alichokuwa nacho kilipita mikononi mwake kwenda chumba kingine, na alipotoka nyuma yake palibaki sakafu. Mwamini alisaidia kuanua nguo kamba nzima, maana si vizuri nguo za mjane zitazamwe na watu wa Kigali. Dominique mwenyewe aliibeba babula kwa mikono miwili, akaiweka nje chini ya ukingo wa paa, na makaa yakanyeshewa.

"Maman," alisema tena kupitia ukuta, "hapa ulifagia?"

"Nilifagia asubui."

"Ah. Ingekuwa heri usifagie."

Zaina alisikia aibu, kama amefumaniwa na uchafu, kumbe amefumaniwa na usafi. Kisha akasikia kitu kikitawanywa. Alichungulia kwenye ufa. Dominique alikuwa ameokota majani makavu mlangoni pa stoo na alikuwa akiyarusha polepole kwenye sakafu aliyoifagia, anarudi nyuma, anatazama, anaongeza. Mwamini aliziba mdomo asicheke.

"Kazi gani hii ya kuchafulia bantu?" alinong'ona.

"Ni ufundi, maman," alisema Dominique. "Muntu akiangalia foto, asikie ukimya."

Adrien hakucheka. Alikuwa akipita chumba hadi chumba, anahesabia kitu kichwani.

Mwisho kilibaki chumba cha kujifungulia, kikubwa kuliko vyote, ambacho Dominique alikitamani tangu mlangoni. Kutoka humo vyumba vingine vyote vilionekana kupitia milangoni, kwa hiyo hapakuwa na pa kuhamia, na Mwamini akavitoa vyombo nyuma ya nyumba. Zaina alijitanda mpaka macho, akatoka kwa mlango wa nyuma, na akaingia choo cha nje, kile cha mabati, na godoro kichwani. Alisimama humo mguu mmoja huku na mwingine kule, maji yakimshukia mgongoni kupitia pamba ya godoro. Akashukuru Mungu kwamba hakuna aliyemwona.

Walipoondoka, Dominique aliacha mkate na mfuko wa sukari kizingitini, na alisema kwa sauti ya kumfikia popote alipo: "Asante sana, maman. Ulitusaidia sana." Usiku, baada ya swala, Zaina alimwombea dua, yeye na wazazi wake wote wawili.

Mwezi mmoja hivi baadaye habari zilikuja na Nzigire, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa akiuza nyanya karibu na meza ya mandazi ya Zaina. Alikuwa akivuka daraja la mpakani la Rusizi II karibu kila siku na beseni lake, na kwa kuwa ni mwanamke, aliruhusiwa kuingia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua viatu.

"Zaina, nilienda ku biro ya yule Adrien wa viwanja, juu ya kibali changu. Niliona nyumba yako ku ukuta."

"Nyumba yangu?"

"Foto. Kubwa sawa mlango. Chumba hiki, chumba kile, yote. Inapendeza, siwezi kukudanganya, inapendeza mpaka inaogopesha. Na mule mu nyumba hakuna kitu. Majani tu."

"Alitawanya yeye."

"Najua hapo? Mi niliuliza. Banasema kutajengwa hoteli. Bantu ba huku pwani yote bataamishwa, kila nyumba itapewa kiwanja na mabati. Bale benye nyumba walipigwa foto bamesimama ku mlango. Nikauliza, na ya Zaina? Wakaniambia, ile ni tupu. Miaka mingi iko tupu. Katapila itaanza na ile, juu haina mwenyewe."

Sufuria ilikuwa motoni. Zaina aliitazama mpaka ikakauka.

Mwamini alipokuja jioni walizozana, na hawakuwahi kuzozana kabla. Eda ilikuwa imebaki kama mwezi na kitu. Nzigire alikuwa amesikia kwamba mashine zimeshashushwa upande wa uwanja wa ndege.

"Naenda ku biro," alisema Zaina.

"Huendi. Bantu batasema nini? Batasema kaka yetu alioa mwanamke asiyeweza kumungojea hata mu kaburi."

"Sheria inaruhusu dharura. Shehe mwenyewe alisema, mchana mwanamke anaweza kutoka akiwa na shida."

"Sheria, ndiyo. Lakini si sheria nitakutana nayo ku soko. Nitakutana na midomo." Mwamini alikaa chini, akaanza kulia kwa hasira. "Acha mimi niende, niseme juu yako."

"Wewe ndiye ulisema hakuna muntu."

"Nilisema hakuna muntu wa kuona!"

"Nenda umuambie Adrien hiyo, tuone kama anajua tofauti."

Zaina akapunguza sauti.

"Wifi, bakiniangushia nyumba, nitakuja kumalizia eda kwako?"

Mwamini alitazama mikono yake. "Nyumba yangu unaijua," alisema. "Na mwenye nyumba unamujua."

Asubuhi yake Zaina alitoka. Alijitanda nyeupe yote, akafunika uso, akapanda njia ya Kamembe kwa miguu, na jua likamchoma macho yaliyozoea giza la ndani. Waendesha pikipiki walipunguza mwendo. Fundi mmoja wa kushona, rafiki wa Kamali tangu utoto, alimwona, akageuka upande wa cherehani yake haraka ili asimwone. Alifanya hivyo kwa wema. Zaina alitamani angemsalimu.

Kwenye ukumbi wa ofisi picha zilikuwa zimepangwa ukuta mzima, na wageni wawili wa suti walikuwa wakizitazama. Ilikuwepo ile mashua ya ufukoni, imelala ubavu, kutu imeifanya nyekundu. Baada yake vyumba. Zaina alisimama mbele ya chumba cha kujifungulia. Nuru ilishuka kupitia tundu la paa, tundu lile lile aliloliwekea sufuria, na kwenye picha tundu hilo lilikuwa zuri. Kweli lilikuwa zuri. Ilimuuma kwamba nyumba yake ipendeze kwa sababu yeye hayumo.

Dominique alikuwa pale, anawaelekeza wageni. Adrien alitoka ofisini kwake.

"Maman, unatafuta nani?"

"Mimi ndiye ninaikala mu hiyo nyumba," alisema Zaina, na kuonyesha ukuta. "Mimi ni muke ya Kamali, mulinzi. Tunaikala mule tangu kampuni."

Adrien aliwatazama wageni, akatabasamu, akamvuta Zaina pembeni kwa ishara ya mkono, bila kumgusa. Dominique alifuata.

"Maman, tulifika pale. Tuliuliza. Tulijibiwa hakuna muntu."

"Nilikuwa kwa eda. Ile ni namna ya kusema. Bwana huyu anajua. Alinisemesha mu ukuta."

Adrien alimgeukia Dominique. "Ulimwona?"

Dominique alifuta kioo cha kamera na pindo la shati. "Shefu, kulikuwa muntu. Nilimusikia."

"Nakuuliza ulimwona."

"Sikumwona. Alikuwa amejificha. Ilikuwa heshima."

"Basi ni huyu?"

"Sauti ni yake."

"Sauti haiingie mu foto," alisema Adrien. Hakusema kwa ukali. "Hakuna hata foto moja yenye muntu?"

Uso wa kijana ulikuwa umebadilika. Alianza kuelewa amesimama wapi.

"Ilikuwa moja," alisema mwisho. "Kwa dirisha ya nyuma. Alikuwa anavuka kwenda nje na godoro, nguo ikaingia kidogo. Nguo na mkono." Alimtazama Zaina, yaani alitazama kitambaa. "Nilikufuta, maman. Ku ordinateri, ku kompyuta yangu. Niliona si vizuri mukono ya mujane ionekane. Nilikufuta kwa heshima."

"Na ile ya kwanza? Kabla ya kufuta?"

"Sikuichunga, haiko tena."

Zaina alishika ukuta. Wageni wa suti walikuwa wamehamia kwenye mashua.

"Nilikuwa mule," alisema. "Muulize Nzigire. Muulize soko muzima."

"Maman, bantu banasema mengi. Hoteli haijengwe juu ya maneno." Adrien alifikiri kidogo, akatazama saa, kisha akasema jambo ambalo Zaina hakulitarajia. "Lakini sitaki useme tulikuonea. Unasema unaikala mule. Twende sasa hivi. Dominique atakupiga foto mule mule, mu nyumba yako, na vitu vyako. Iko sawa?"

Tumaini ni kitu cha ajabu; lilimrudia lote kwa mara moja. "Iko sawa," alisema. "Mungu akulipe."

Walikwenda kwa gari. Njiani mara moja Dominique alianza, "Shefu, labda..." na Adrien akafungua redio.

Zaina aliwaonyesha vyumba kama mwenyeji. Aliwaonyesha godoro, jerikani, mkeka, koti la Kamali likining'inia kwenye msumari. Hakuficha kitu, hata nguo za ndani alizozianika nyuma ya mlango aliziacha zilivyo. Adrien alimwomba asimame kizingitini.

"Uso," alisema. "Foto bila uso haina kazi."

Hapo alisita. Alimkumbuka Mwamini na soko lake, akamkumbuka Kamali, ambaye hata akiwa mgonjwa alikuwa akimwuliza kila mgeni wa kiume jina kabla hajamruhusu kuingia. Kisha akavuta kitambaa, na wanaume wawili wasio ndugu zake wakamwona: mwanamke wa makamo, mashavu yameingia ndani kwa njaa, midomo imekauka. Alisikia upepo wa ziwa usoni. Eda yake ilikuwa imeishia hapo, kwa hiari yake, ili apate kiwanja na mabati.

Dominique alipiga. Mara moja tu.

"Nionyeshe," alisema Adrien. Aliitazama kamera kwa makini. "Tarehe inaonekana?"

"Inaonekana."

"Vizuri." Alimgeukia Zaina, na sasa alisema taratibu, kama anayemsomea. "Maman, nisikilize. Tuko na foto za mwezi uliopita, nyumba iko tupu. Zimeonwa na bantu bakubwa, ziko ku ukuta. Na tuko na hii ya leo, uko ndani na vitu vyako vyote. Maana yake ni moja. Uliingia baada ya foto zile. Uliingia mu nyumba iliyoachwa, sasa ya serikali, bila ruhusa, ukisikia kuna viwanja binatolewa. Hatutakufunga, juu uko mujane. Lakini utoke leo."

Zaina alimtazama Adrien, akamtazama Dominique. Dominique alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sema," Zaina alimwambia. "Wewe unajua. Nilibeba godoro mbele yako chumba kwa chumba. Sema."

"Shefu, kweli ile siku..." alianza Dominique.

"Ile siku ulifanya kazi muzuri sana," alisema Adrien. "Na juma lijalo tunakutuma Kigali na foto zako, batakuona bantu benye wanaweza kukusaidia. Usiharibu."

Kijana akarudi hatua moja nyuma, kamera mkononi. Chini, upande wa barabara, injini nzito ilikuwa ikipanda kilima, na vioo vya gari la ofisi vikatikisika.

Zaina hakuondoka kizingitini. Alishika mwimo wa mlango kwa mikono yote miwili. Kitambaa kilikuwa kimemwangukia miguuni na hakuinama kukiokota.

"Sitoki," alisema. "Mulinitafuta, niko hapa. Mutanitoa mukiniona."

Dominique aliishusha kamera. Adrien alisogea karibu naye, akaweka mkono begani kwa kijana kama baba, akamwelekeza tena mlangoni.

"Piga ingine," alisema. "Ionyeshe vizuri namna anakataa kutoka."